Valvu Moja au Jozi? Maongezi juu ya Amplifaya za Valvu kwa Kusikilizia Muziki Nyumbani

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya chombo ambacho watu wengi walidhani kimekwisha kuzikwa zamani. Chombo hicho ni amplifaya ya valvu, yaani kile kikuza sauti kinachotumia vichupa vya kioo viwakavyo kama taa ndogo. Wazee wetu walivijua vichupa hivyo ndani ya redio zao, na walijua pia kwamba mtu akiwasha redio hana budi kungoja kidogo mpaka vipate moto, ndipo sauti isikike. Transista ilipovumbuliwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1947, na ilipoenea katika miaka ya 1960, valvu zilitolewa katika nyumba nyingi. Walakini hazikwisha. Hata leo viko viwanda vinavyozifanya katika Urusi, Slovakia, China na Marekani yenyewe, na wako watu, tena si wachache, ambao wakitaka kukaa kitako jioni wasikilize muziki kwa utulivu hawataki chombo kingine.

Watu hao wana swali moja ambalo huwatesa sana kabla ya kununua: amplifaya za valvu ni za namna nyingi, je, ipi iliyo bora? Wala si swali la mchezo, kwani amplifaya moja yaweza kumeza mishahara ya miezi mingi, na aliyekosea kuchagua hukaa na majuto yake mbele ya macho kila siku, yakiwaka. Maoni yetu twayasema tangu mwanzo, ili asiye na subira asingoje mwisho: anayeanza kwa kuchagua valvu ameanza nyuma. Na aanze kwa kutazama spika alizo nazo na chumba anachokaa, kisha spika hizo ndizo zitakazomwambia ni amplifaya ya namna gani zinayoitaka. Yaliyobaki katika maongezi haya ni kueleza kwa nini tumesema hivyo.

Kwanza tufahamu valvu ni nini. Mwingereza John Ambrose Fleming alifanya valvu ya kwanza mwaka 1904, yenye viungo viwili tu. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza kiungo cha tatu katikati, wavu mwembamba wa waya, na kwa wavu huo mdogo dunia ikapata redio, simu za mbali na sinema za kusema. Ndani ya kichupa, ambamo hewa yote imetolewa, mna kathodi ambayo ikipata moto hutoa chembe za umeme. Kuizunguka kuna bamba la chuma liitwalo anodi, lenye umeme wa nguvu sana, nalo huzivuta chembe zile. Wavu umesimama njiani baina yao. Umeme mdogo wa muziki ukiwekwa juu ya wavu huo huzifungulia chembe njia au huziziba, kama vile mkono wa mtoto ukizungusha koki unavyoweza kuamuru maji ya bomba kuu. Basi neno “kukuza” lisitudanganye. Ile sauti ndogo yenyewe haivimbi. Yapata mamlaka tu juu ya nguvu kubwa iliyokuwapo tayari. Valvu yenye viungo vitatu huitwa triodi, na yenye vitano huitwa pentodi.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji hulipita upesi, nasi twaona ndilo kubwa kupita yote. Valvu hufanya kazi kwa umeme wa volti nyingi na mkondo mdogo; spika yataka kinyume chake, volti chache na mkondo mwingi. Mmoja asema lugha hii na mwenzake lugha ile, kwa hiyo pamewekwa mkalimani kati yao, naye ni transfoma ya kutolea sauti. Tuchukue valvu mashuhuri iitwayo 300B: yapenda kuona mbele yake ukinzani wa omu 3,500 hivi, hali spika nyingi ni za omu 8. Transfoma itakayowapatanisha yapasa kuwa na mizunguko ya waya yapata 21 upande wa valvu kwa kila mzunguko 1 upande wa spika, tena isipoteze sauti nene za chini wala nyembamba za juu. Kazi hiyo ni ngumu, yataka chuma kingi na waya uliozongwa kwa akili. Ndiyo sababu amplifaya nzuri ya valvu ni nzito hata humuumiza mtu mgongo. Ukiletewa iliyo nyepesi, yenye valvu zenye majina makubwa na rangi ya dhahabu mbele, tia shaka.

Tukiisha kujua hayo, twaweza kuzigawa amplifaya hizi katika makabila mawili makubwa: ile ambayo kazi ya mwisho hufanywa na valvu moja peke yake kwa kila spika, na ile ambayo kazi hiyo hufanywa na jozi.

Tuanze na ya valvu moja, maana ndiyo inayosifiwa kwa maneno matamu kuliko zote. Mwaka 1933 kampuni ya RCA ya Marekani ilitoa triodi iitwayo 2A3, na mwaka 1938 kampuni ya Western Electric ikatoa hiyo 300B tuliyoitaja. Ya kwanza ikifanya kazi peke yake hutoa wati 3 na nusu, ya pili hutoa wati 7 au 8. Naam, ni hizo tu. Na ili kupata hizo wati 8, ile 300B hula yapata wati 28 kwenye anodi, mchana na usiku, muziki uwepo usiwepo, mbali na wati 6 za kupashia uzi wake moto. Iliyobaki yote huwa joto la chumbani. Kadhalika, kwa kuwa valvu iko peke yake, mkondo wake hupita katika transfoma upande mmoja tu bila kukoma, na chuma cha transfoma hushiba kikashindwa kazi. Mafundi hukiachia chuma hicho upenyo mwembamba ili kisishibe, lakini upenyo huo nao hupunguza nguvu ya sauti nene, isipokuwa transfoma ifanywe kubwa na ya ghali zaidi.

Kwa nini basi watu huipenda? Sababu ya kwanza ni namna yake ya kukosea. Hakuna amplifaya isiyoipotosha sauti hata kidogo. Tofauti ni jinsi gani. Triodi ya peke yake huongeza hasa sauti ya pili, yaani ile iliyo juu ya sauti ya asili kwa oktava moja. Oktava haigombani na mama yake. Sikio huipokea kama unono, kama mwimbaji amepata kifua kipana zaidi. Sababu ya pili ni kwamba triodi, hata bila msaada wa ufundi mwingine, huishika spika kwa mkono usiolegea sana, ambapo pentodi isiyosaidiwa huiacha itikisike ovyo. Sababu ya tatu ni wepesi wa njia: sauti yapita katika viungo vichache mno. Msikilize mwimbaji mmoja na udi na fidla kwa amplifaya ya namna hii, au zile santuri alizotia sauti Siti binti Saad huko Bombay kuanzia mwaka 1928, nawe utaelewa kwa nini watu wazima hutokwa na machozi wakazisahau zile wati zao 8.

Lakini hapa ndipo watu wengi hupotea, nasi twaomba tusikilizwe vizuri. Kampuni ya Western Electric haikuifanya valvu hii kwa ajili ya sebule. Valvu za ukoo huo zilifanya kazi katika majumba ya sinema ya Marekani, na wati zile chache zilijaza ukumbi wa watu wengi. Ziliwezaje? Kwa sababu mbele yake zilikuwako spika za tarumbeta, kubwa kama makabati, ambazo hugeuza umeme kidogo kuwa sauti nyingi. Zamani zile zikapita. Katika miaka ya 1970 wapenzi wa muziki wa Japani, na baadaye wa Ufaransa na nchi nyingine, waliifufua sifa ya triodi ya peke yake, nao walijua walifanyalo: wengi wao walitumia tarumbeta zilezile za kale. Sifa ikasafiri duniani kote. Tarumbeta, kwa kuwa ni kubwa na hazipiti mlangoni, zikabaki. Leo mtu hununua 300B kwa sababu ya sifa, akaifunga kwenye spika ndogo ya rafuni, kisha akashangaa ngoma zinasikika kama zimepigwa chini ya godoro.

Tufanye hesabu kidogo, wala haitatuchosha. Spika hupimwa kwa kuipa wati 1 ya umeme na kusikiliza umbali wa mita 1 hutoa desibeli ngapi. Ile spika ndogo iitwayo LS3/5A, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kusikilizia matangazo mahali pasipo nafasi, hutoa yapata 82. Tarumbeta ya pembeni iitwayo Klipschorn, iliyotolewa na Paul Klipsch wa Marekani mwaka 1946, hutoa yapata 104. Sasa tuseme mtu apenda kusikiliza kwa kiasi cha wastani cha desibeli 75, ambacho si kelele hata kidogo. Muziki haukai kwenye wastani. Mpiga ngoma akipiga, au waimbaji wote wakiitika pamoja, sauti huruka juu kwa desibeli 20 kwa nukta moja kisha ikashuka, na kila desibeli 20 zataka umeme mara 100. Kwa LS3/5A, wastani huo wahitaji sehemu moja ya tano ya wati, na mruko wahitaji wati 20. Kwa tarumbeta ya Klipsch, mruko uleule wahitaji kama sehemu moja ya nane ya wati 1. Amplifaya ya wati 8 kwa spika ya kwanza itakata kichwa cha kila ngoma. Kwa ya pili itakuwa kama lori lililobeba gunia moja. Chombo ni kilekile. Na msikilizaji akikaa mita 3 badala ya 1, au chumba kikiwa kikubwa chenye madirisha wazi kama zilivyo nyumba zetu nyingi za pwani, hesabu hupanda tena.

Kabila la pili ni la jozi. Mmewaona wapasua mbao wakiwa na ule msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini shimoni: huyu akivuta, yule huachia, yule akivuta, huyu huachia, na gogo lapasuka. Valvu mbili za jozi hufanya hivyohivyo. Muziki hugawanywa, valvu moja ikapewa sura yake na nyingine ikapewa kinyume chake, kisha transfoma ikaziunganisha. Faida zake ni kubwa. Mikondo ya valvu hizo mbili hupita katika chuma kwa kukabiliana, ikafutana, basi chuma hakishibi na hakihitaji upenyo. Sauti nene hupita vizuri katika transfoma isiyokuwa kubwa mno. Ule upotofu wa sauti ya pili nao hufutana. Na wati zaongezeka sana, maana mafundi wanaweza kuziacha valvu zipumzike kwa zamu wakati kazi ni kubwa.

Jina ambalo halina budi kutajwa hapa ni la D. T. N. Williamson, ambaye mwezi wa Aprili na Mei mwaka 1947 aliandika katika gazeti la Wireless World jinsi ya kujitengenezea amplifaya ya wati 15 yenye upotofu usiofika sehemu moja katika elfu. Alitumia jozi ya valvu za KT66 zilizofungwa ili zifanye kazi kama triodi, akaongeza ufundi uitwao mrejesho. Mafundi wa nchi nyingi waliijenga kwa mikono yao wenyewe. Huo mrejesho ulikuwa ni wazo la Harold Black wa maabara za Bell, lililomjia tarehe 2 Agosti 1927 alipokuwa akivuka mto Hudson kwa kivuko kwenda kazini, akalichora palepale juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times. Maana yake ni kuchukua sehemu ya sauti iliyokwisha kutoka, kuirudisha mwanzoni kwa kinyume, na hivyo kuifanya amplifaya ijisahihishe makosa yake yenyewe kila wakati. Mrejesho hupunguza upotofu, hupunguza mvumo, na huitia amplifaya nguvu ya kuishika spika.

Wako wapenzi wa triodi wanaouchukia mrejesho kama sumu, wakisema huua uhai wa muziki. Sisi hatukubaliani nao kabisa, ingawa twajua walikolitoa jambo hilo. Mrejesho mwingi uliowekwa juu ya transfoma mbovu huleta vita: amplifaya huanza kutikisika yenyewe kwa sauti isiyosikika, na muziki huchakaa. Kosa hapo ni la transfoma, si la mrejesho. Ukiwekwa kwa kiasi, juu ya chuma chema, ni baraka, hasa kwa spika nyingi za siku hizi, ambazo ukinzani wake hupanda na kushuka sana kutoka sauti moja hata nyingine. Spika ya namna hiyo ikifungwa kwenye amplifaya isiyo na mrejesho hubadilika rangi: sauti fulani hujitokeza mbele na nyingine hujificha, na mwenyewe hudhani ndiyo uhai.

Ndani ya kabila hili la jozi mna milango mitatu. Wa kwanza ni triodi, alioutumia Williamson: sauti safi, wati chache. Wa pili ni pentodi, iliyovumbuliwa na Bernard Tellegen wa kampuni ya Philips mwaka 1926: wati nyingi kwa gharama ndogo, lakini yataka mrejesho ili itulie. Wa tatu ulikuja kuwapatanisha. Alan Blumlein, Mwingereza, aliuandikia hati ya uvumbuzi mwaka 1937, lakini haukujulikana sana mpaka Wamarekani wawili, David Hafler na Herbert Keroes, walipouandika magazetini mwaka 1951. Waliunganisha wavu wa pili wa valvu na mahali fulani katikati ya mazongo ya transfoma, mara nyingi kwenye asilimia 43 hivi, na valvu ikawa si triodi wala pentodi, bali imepata tabia njema za pande zote mbili. Jozi ya EL34 ifungwayo kama triodi hutoa wati 15 au 16. Ikifungwa kwa njia hii ya katikati hutoa 35. Hafler aliitumia njia hiyo katika amplifaya ya Dynaco Stereo 70, iliyotolewa mwaka 1959, iliyouzwa vipande vipande katika sanduku ili mnunuzi aiunge mwenyewe jioni nyumbani. Zimeuzwa kwa mamia ya maelfu, na nyingi zapiga muziki hata leo.

Kwa mfano wa ndoa njema ya amplifaya na spika, hatujui ulio bora kuliko wa Peter Walker wa Uingereza. Mwaka 1953 alitoa amplifaya ya Quad II, jozi ya KT66, wati 15, na baadhi ya mazongo ya transfoma ameyapitisha kwenye kathodi ili valvu zitulie. Mwaka 1957 akatoa spika yake isiyo na koni wala sanduku, yenye utando mwembamba unaotikiswa kwa umeme tuli. Spika hiyo haikuweza kustahimili nguvu nyingi, wala haikuhitaji. Wati 15 zilikuwa kipimo chake. Mtu mmoja alizifanya zote mbili, kila moja akiijua tabia ya mwenziwe.

Kuna namna nyingine isiyokuwa na transfoma ya kutolea sauti kabisa, ambayo Julius Futterman wa New York aliitangaza mwaka 1954. Hufunga valvu nyingi pamoja zenye ukinzani mdogo ili ziseme na spika bila mkalimani. Sauti zake husifiwa kwa wepesi, lakini hula umeme mwingi, hutoa joto kama jiko, na hupendelea spika zenye omu nyingi. Kwa nyumba za nchi za joto hatuoni sababu ya kuikawilia.

Sasa tuseme neno juu ya wati, kwa maana ndizo zinazowapotosha wanunuzi wa jozi, kama vile jina la 300B linavyowapotosha wengine. Mtu huambiwa aache ile ya wati 35 achukue ya KT88 yenye wati 70, alipe karibu mara mbili. Kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu. Sikio litaitambua tofauti hiyo, lakini halitaiita kubwa. Ili muziki uonekane umekuwa na sauti mara mbili, yapasa wati ziongezwe mara 10 hivi. Kwa hiyo tofauti ya wati 35 na 70 ni ndogo kuliko tofauti ya spika ya desibeli 86 na ile ya 90, na aghalabu spika hiyo ya pili haizidi bei. Mwenye spika ya 88 katika chumba cha kadiri atatosheka na jozi ya EL84, valvu ndogo, rahisi kupatikana, yenye kutoa wati 10 au zaidi kidogo. Twaionea huruma EL84, maana haisifiwi na mtu, nayo imewafurahisha wengi kuliko valvu zote za gharama.

Na wale wauzao valvu za kale zilizokaa ghalani tangu miaka ya 1950, kwa bei ya kushangaza, wakisema kila moja itaigeuza amplifaya kuwa nyingine? Baadhi ya valvu hizo ni njema kweli na hudumu. Lakini fedha hiyo ingefanya kazi zaidi katika transfoma au katika spika. Jambo la kuuliza juu ya valvu ni kama zitapatikana tena. EL34, EL84 na KT88 hufanywa na viwanda zaidi ya kimoja. Valvu adimu iliyokoma kutengenezwa itakuacha na sanduku la chuma zuri la kuwekea maua.

Kwa wasikilizaji wa Afrika ya Mashariki kuna mambo matatu ambayo vitabu vya Ulaya havitayataja. La kwanza ni umeme. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, wa Tanganyika ya zamani, Tanzania ya leo, ni wa 230. Amplifaya zilizokwisha kutumika zinazoletwa kutoka Japani zimefanywa kwa volti 100, na za Marekani kwa 120. Iliyofungwa ukutani bila transfoma ya kushusha umeme huungua kabla mwenyewe hajaketi. Soma kibao cha nyuma kabla ya kulipa fedha, na kama umeme wa mtaani kwenu hupanda na kushuka, weka kitulizi, maana uzi wa valvu hutaka kiasi chake. La pili ni joto na chumvi ya pwani. Amplifaya isifungiwe kabatini. Pawe na nafasi juu yake na pembeni, na viatu vya valvu visafishwe vikiota kutu. Wadudu na mijusi nao hupenda ujoto wake, basi iwe na kifuniko cha matundu, ambacho kitawafaa watoto pia.

La tatu ni fundi. Valvu za mwisho zahitaji kuwekewa kiasi cha mkondo wao. Amplifaya nyingine hujiwekea zenyewe, na nyingine zataka mtu azirekebishe kwa bisibisi na mita kila baada ya muda. Za namna ya pili hutoa wati nyingi zaidi, lakini valvu moja ikichoka bila kutambuliwa huwa nyekundu na kuweza kuunguza transfoma. Ikiwa fundi wa karibu yuko mbali kwa siku nzima ya safari ya basi, nunua inayojirekebisha, upoteze wati chache na kulala usingizi.

Na tusiache kusema juu ya hatari, maana hapa si fedha tu. Ndani ya amplifaya ya valvu mna umeme wa volti 300, 400 au zaidi, na kapasita zake huushika umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Wamekufa watu kwa kuingiza mkono katika chombo kilichozimwa. Asiyejua kuzimaliza nguvu kapasita na kuhakikisha kwa mita, asiifungue. Wala amplifaya ya valvu isiwashwe na kupigishwa muziki bila spika kufungwa, kwa kuwa umeme ukikosa njia huruka ndani ya transfoma ukaitoboa, na hiyo ndiyo sehemu ya ghali kuliko zote.

Mtu akiisha kufikia kununua, tungemshauri hivi. Aombe kuzisikiliza amplifaya kwa spika zake mwenyewe, au zilizo sawa na zake, na achukue santuri azijuazo tangu zamani, pamoja na moja yenye ngoma na waimbaji wengi, kwa sababu kila amplifaya huweza kumpendeza mtu kwa sauti moja na gitaa. Azisikilize kwa kiasi kile anachosikilizia nyumbani wakati watoto wamelala, kisha kwa kiasi cha siku ya sikukuu. Na alinganishe mbili zikiwa na ukubwa ule ule wa sauti, akipima kama aweza, maana ile iliyofunguliwa juu kidogo kuliko mwenzake sikio huiona bora hata kama si bora, na wauzaji wanalijua jambo hilo. Aketi nusu saa kwa kila moja, aombe hati inayoonyesha volti, aulize valvu zake zinauzwa wapi na kwa kiasi gani, ndipo waanze kuzungumza bei.